Pansiti ya Bi Honi

Jumatatu, 2 Juni 2025

Nimeshtuka. Nimeshtuka tangu asubuhi na hata sasa sijatulia.

Mama mchungaji ametugawia madaftari sisi wanawake wa Umoja wa kanisani. Kila mtu aandike dhambi zake za siku. Mimi leo sina. Nitaandika za Fortunata.

Goodness kapiga simu kutoka Doha. Ni mjukuu wangu, mtoto wa Elina, anafanya kazi hotelini huko. Kapata mchumba. Hilo tunalijua. Mchumba ni Mfilipino, anaitwa Jomari. Hilo nalo tunalijua, tumeshalia, tumeshanyamaza. Leo anasema wanafika Jumamosi! Na mama mtu anakuja naye! Nikamuuliza Jumamosi ipi, maana zipo nyingi. Akasema hii hii, bibi. Nikakaa kwenye kigoda. Kigoda hakikuwepo.

Sasa kwetu mkwe hali chakula cha nyumba kabla ya matebeto. Wanawake wa ukoo tunapanga mstari, vyungu kichwani, tunaimba, tunapiga magoti, kila chungu kinafunuliwa na aliyekibeba anataja kwa sauti kilichomo. Hapo mkwe ameonyeshwa moto wa nyumba, aje ale hata kila siku. Bila hivyo atakula biskuti za dukani mpaka azeeke. Elina ni mama mkwe, hatakiwi kuonana naye uso kwa uso, atajifungia jikoni. Chungu cha kwanza ni cha bibi. Bibi ni mimi.

Goodness akasema tena Jumamosi hiyo ndiyo siku aliyozaliwa Jomari. Kwao siku hiyo lazima mtu ale pansiti bihoni, asipokula mama yake anakosa raha mwaka mzima. Kisha akaanza: lakini bibi, usihangaike... Ameshanihangaisha ndipo ananiambia nisihangaike! Nikakata simu.

Mchana kwenye kikao cha Umoja Fortunata akasimama. Ni wifi yangu, dada wa marehemu Kefa wangu, kwa hiyo naye ni bibi wa Goodness, na hajawahi kuacha siku ipite bila kutukumbusha. Akasema safari hii chungu cha kwanza abebe yeye, maana wageni ni wa kimataifa na yeye amewahi kukaa Lusaka. Alikaa Lusaka kumuuguza shangazi! Hakutoka hata getini! Akaniuliza kwa sauti ya huruma, wifi, huyo Mfilipino wa watu utampa nini, maharage?

Nikamjibu atakula pansiti ya Bi Honi.

Fortunata akakunja uso.

Akauliza Bi Honi ndiye nani. Nikamwambia heh, humjui Bi Honi, mwenye hoteli hapa hapa Tunduma? Mnene kiasi, ana pengo la juu, mimi nimekula kwake sana tu, hata juzi kanisalimia.

Mama mchungaji akaamua: atakayeleta pansiti ya kweli ndiye atakayebeba chungu cha kwanza. Fortunata akacheka kwa pua.

Dhambi ya leo: Fortunata kucheka kwa pua.

Kesho naenda kwa Bi Honi. Mtu hawezi kuitwa Bi Honi halafu asiwepo.

Jumanne, 3 Juni

Bi Honi hayupo!

Nimezunguka mji mzima. Nimeuliza Sogea, nimeuliza Maporomoko, nimepita kandokando ya malori yote yanayosubiri kuvuka mpaka, madereva wananisalimia shikamoo bibi kama vile ninakagua gwaride. Hoteli ya kwanza binti kaniletea chipsi mayai. Nikamwambia pansiti. Akaenda, akarudi na chipsi kavu. Hoteli ya pili wakasema pansiti imekwisha. Nikafurahi! Kumbe ipo! Nikauliza itapikwa tena lini. Hawajui. Nikauliza ugali, umekwisha. Nikauliza chai, imekwisha. Ningemuulizia hata Kefa wangesema kaisha, na hapo angalau wangekuwa wamesema kweli.

Dereva mmoja akanielekeza, bibi, mambo ya honi nenda kwa Rabson. Nikaenda. Rabson ni kijana wa duka la vipuri, mstaarabu, kanipa kiti. Nikamwambia nimefuata pansiti. Akauliza siti ya gari gani, ya Fuso au ya Scania. Nikamwambia usinichanganye, ya Bi Honi. Akasema honi ipo, bibi, sikiliza. Akabonyeza.

Mayo we! Honi ya lori zima ndani ya kiduka! Niliruka. Ndala moja ilitangulia barabarani. Nilimsema mpaka babu yake, ambaye nilimfahamu na alikuwa hivyo hivyo. Rabson akaomba radhi, akasema lakini bibi, honi umeitaka mwenyewe.

Nikampigia Goodness. Kicheko chake! Kacheka mpaka nikasikia watu wa huko wakimuuliza kuna nini. Akasema bibi yangu jamani, bihoni siyo mtu. Bihoni ni tambi nyembamba za mchele, zinakaangwa na kabichi na karoti na kuku.

Tambi! Za mchele! Mchele umekosa nini mpaka uteswe hivyo? Na tambi sisi tunapika na sukari na iliki, mtoto anakula na chai, anatulia. Kabichi inaingiaje? Nimeshtuka upya.

Akasema tena ipo na aina nyingine, ya tambi nene za ngano, pansiti katoni. Hiyo nimeielewa. Katoni naijua. Akaanza, kwa hiyo bibi, usihangaike... Nikakata.

Lakini Bi Honi nimeshamtangaza. Umoja mzima unajua mpaka pengo lake. Kama hayupo, itabidi awepo.

Dhambi ya leo: Rabson.

Jumatano, 4 Juni

Mungu ni mwema. Nimempata Bi Honi.

Anaitwa Tumpale. Ni Mndali wa Mbebe, huko Ileje, ana mgahawa nyuma ya maegesho ya malori, anawapikia madereva ugali na kuku. Mnene kiasi. Nikamwambia cheka kidogo. Akacheka. Pengo hilo hapo, la juu! Nikamshika mkono nikamwambia mama, kuanzia leo wewe ni Bi Honi.

Akauliza kwa nini. Nikamwambia asiulize mambo ya wakubwa. Akasema naye ni mkubwa, ana wajukuu. Wajukuu wenyewe bado wananyonya! Akasema ana jina lake la ubatizo, hawezi kulibadili kwa sababu ya tambi. Nikamwambia ni kwa siku chache tu. Akasema atafikiri. Nikamwambia nitamletea jogoo. Akasema ameshafikiri.

Jogoo nimempeleka jioni, ndani ya kapu. Yule mwekundu. Watu wanasema ni wa Fortunata. Lakini analala kwangu, anakula mahindi yangu, anamwamsha nani? Mimi. Fortunata hajawahi kuamshwa na yule jogoo hata siku moja. Kwa hiyo huu siyo wizi, ni uhamisho.

Dhambi ya leo: sina.

Alhamisi, 5 Juni

Nimevuka mpaka hadi Nakonde kutafuta katoni.

Duka la kwanza Mzambia mwenyewe, mama mtu mzima. Nikamsalimia mwapoleni mukwai, akafurahi, akaniita mayo, yaani mama, tukaelewana vizuri mpaka nilipotaja pansiti. Akasema awe, hapana, mayo, hajaisikia. Tambi anazo, za paketi. Nikamwambia nataka ya katoni. Akasema kumbe unachukua kwa jumla! Nikasema hapana, tambi kidogo, katoni kubwa. Alinitazama kama mtu anayetazama mvua ya Juni. Mwisho nikachukua tambi ndefu zilizonyooka, na yeye akaniongezea katoni tupu kutoka stoo. Kubwa, ngumu, safi. Ilikuwa ya sabuni ya kufulia. Inanukia vizuri kuliko watu wengi ninaosali nao.

Narudi, katoni kichwani, nani yuko njiani? Fortunata! Akauliza wifi, unahama? Nikamjibu hii ndiyo pansiti katoni. Akanusa. Akauliza mbona ya sabuni. Nikamwambia sasa wifi, wewe mtu wa Lusaka unauliza hivyo? Akanyamaza! Fortunata kanyamaza, barabarani, mbele ya watu!

Halafu akasema jogoo wake mwekundu haonekani, kama nimemwona. Nikamwambia jogoo wa siku hizi wanapenda kutembea.

Ijumaa, 6 Juni

Siku ya kujaribu. Jikoni kwa Tumpale.

Tumefungua paketi. Zile tambi ni ndefu mno! Zikiiva ukizichota zitaning'inia kwenye kijiko mpaka mezani. Nikajiuliza: mkwe wetu, mbele ya wazee, mbele ya mama mchungaji, azivute mdomoni kama mbuzi aliyekamata kamba? Aibu ya nani hiyo? Yangu. Nikazivunja. Nilikaa kwenye kigoda nikazivunja zote kwa mkono wangu, vidogo vidogo, kama mtu mwenye adabu.

Tumpale akauliza tunapika na sukari au na kabichi. Nikasema tambi bila sukari ni nyasi. Akasema mjukuu wako kasema kabichi. Nikasema mjukuu wangu kasema, lakini mpishi ni nani? Akasema mpishi ni Bi Honi. Ona huyu! Jina nimempa juzi! Tukagombana. Tukaweka vyote viwili. Tukaonja. Tukatazamana. Tumpale akasema labda ndivyo zinavyotakiwa kuwa. Dereva mmoja akaonja, akauliza ni dawa ya nini. Nikamfukuza.

Katoni tumeitandika majani ya mgomba ndani, zisije zikanukia sabuni.

Niko tayari. Fortunata akatafute chungu cha pili.

Jumamosi, 7 Juni

Nimerudi sasa hivi, hata kitenge sijafungua. Naandika hivyo hivyo.

Wageni wamefika. Jomari ni mfupi, mpole, nywele zimesimama. Kanijia, akainama, akachukua mkono wangu akaugusisha kwenye paji la uso wake. Nikashtuka! Nikamwambia Goodness huyu mume wetu anaumwa, anataka nimpime homa, lakini sioni joto. Akasema hapana, bibi, ndiyo shikamoo ya kwao. Nikasema marahaba. Nikampa na mkono wa pili.

Mama yake anaitwa Luzi. Mdogo kama kisoda, ana sanduku kubwa kumpita, na haliachi. Kaenda nalo hata chooni.

Tukapanga mstari. Mimi mbele, katoni kichwani. Fortunata nyuma yangu na chungu cha kuku, kila hatua ananong'ona, sabuni, sabuni. Nikaimba kwa nguvu nisimsikie. Elina anachungulia kwenye tundu la mlango wa jikoni. Tukapiga magoti. Nikafunua. Nikatangaza mpaka majirani wakasikia: Pansiti katoni! Ya Bi Honi!

Mama Luzi akaona majani ya mgomba. Macho yakamlowa. Goodness akasema hata kwao pansiti ya sherehe hutandikiwa majani ya mgomba, mama amejiona yuko nyumbani.

Nikageuka nikamtazama Fortunata. Nilimtazama kwa raha zangu.

Mama Luzi akachukua kijiko, akachota, akaangalia. Akapiga yowe! Wanawake wa Umoja wakadhani ndiyo vigelegele vya Kifilipino, wakamjibu kwa vigelegele. Akalia zaidi. Wakapiga zaidi. Goodness uso umekuwa kama unga. Akaniuliza, bibi, umezikata?

Nikasema nimezivunja, kwa nini?

Kumbe! Kumbe kwao zile tambi ndiyo umri wa mtu! Siku yako ya kuzaliwa unakula tambi ndefu, ndefu vile vile kama zilivyotoka paketini, ili uishi sana. Ukizikata umemkatia mtu maisha. Na mimi nimemvunjavunja mkwe wetu vipande vya ukubwa wa kidole, nikamtia sukari!

 Mama Luzi kashika mkono wa sanduku lake. Jomari anatazama chini. Goodness wangu ananitazama, machozi yanamlengalenga. Na Fortunata! Fortunata anatambaa kwa magoti kuja mbele na kuku wake, taratibu, kama mtu aliyeitwa!

Nikasema Goodness, tafsiri. Mwambie mama kwao umri ni mrefu, tumesikia, ahsante. Lakini kwetu kila kipande ni mtoto. Nimekaa chini nikavunja kimoja kimoja kwa mkono wangu mwenyewe, kila kimoja nikikiombea. Hivi vyote vilivyomo humu ni wajukuu wake.

Goodness ananijua. Alijifuta machozi. Kisha akatafsiri.

Mama Luzi akatazama katoni. Imejaa mpaka juu. Akamtazama Goodness kiunoni. Akatazama tena katoni. Akaachia sanduku, akachukua kijiko akaanza kumlisha Jomari mwenyewe, kijiko juu ya kijiko, hata kupumua hampi nafasi. Na Jomari kala! Kala sukari, kala kabichi, kala na ile harufu ya sabuni iliyopenya. Akasema kwao nako siku za sherehe hupika tambi zenye utamu, hizi zimemkumbusha. Mkwe mzuri. Mwongo mzuri.

Fortunata akafunua chungu chake, chungu cha pili. Cha PILI.

Nilikuwa nimeanza kupumua ndipo Mama Luzi akasema jambo. Goodness akatafsiri huku anakwepa macho yangu: kesho baada ya ibada mama anataka kwenda kula kwa huyo Bi Honi. Fortunata akasema hata yeye. Mama mchungaji akasema Umoja wote twende.

Jumapili, 8 Juni. Pentekoste

Sikusikia mahubiri. Watu walikuwa wanamngojea Roho Mtakatifu, mimi nawaza Tumpale.

Nilitaka kutangulia kumwonya. Fortunata akanishika mkono, eti wifi tutembee pamoja. Hajawahi kunishika mkono tangu msiba wa Kefa!

Tukafika. Madereva wamejaa. Fortunata akamwendea Tumpale moja kwa moja, akamuuliza mama, samahani, wewe ndiye Bi Honi? Tumpale akajibu, mimi ni Tumpale wa Mbe... Nikamkanyaga. Akasema, mimi ni Bi Honi wa Mbebe.

Fortunata akasema haya, Bi Honi, tuletee pansiti. Tumpale akanitazama. Mimi nikatazama ukuta. Ukutani kulikuwa na kalenda ya zamani, nikaisoma yote.

Basi Mama Luzi akaweka sanduku lake juu ya meza akalifungua.

Nguo hakuna! Bihoni tupu! Paketi kwa paketi, nyeupe, ndefu, nyembamba kama uzi wa cherehani! Amezibeba kutoka kwao mpaka hapa! Nikamvuta Goodness pembeni nikamuuliza kwa nini hukuniambia. Akasema bibi, nilikuambia. Nilisema usihangaike, tunakuja nazo. Wewe hukuwahi kufika kwenye tunakuja nazo.

Ndiyo adabu ya watoto wa siku hizi. Jambo la maana wanaliweka mwisho.

Mama Luzi akajifunga kitenge cha Tumpale akaingia jikoni. Hawaelewani lugha hata neno. Mara wanacheka. Harufu ikatoka, kitunguu saumu, kabichi, kuku, madereva wakaanza kusogea na sahani zao bila kuitwa. Jomari akapewa zile ndefu kabisa, akazivuta mdomoni mbele ya watu wote kama mbuzi na kamba, na hakuna aliyeona aibu isipokuwa mimi.

Nilionja. Sitasema kitu. Nilirudia mara kadhaa kuhakikisha.

Fortunata kala mpaka kafungua kifungo. Akasifu nyama! Akasema huyu jogoo alikuwa mtamu jamani, ameshiba mahindi huyu, siyo kama kuku wa kununua. Nikamwambia kweli, wifi, alitunzwa. Tumpale akakohoa. Mlangoni kulikuwa na manyoya mekundu. Niliyakanyaga kwa kiatu cha kanisani tangu mwanzo wa chakula mpaka mwisho, mguu ukafa ganzi.

Wakati wa kutoka nikamsikia Fortunata anawaambia wenzake Bi Honi ni rafiki yake wa siku nyingi, walijuana Lusaka.

Dhambi ya leo: Fortunata, uongo. Kanisani siku ya Pentekoste! Yaani karibu na kanisani.

Jumatatu, 9 Juni

Tumpale ameandika ukutani kwa rangi KWA BI HONI. Nimepita nikamwita Tumpale, hakuitika. Rabson amemfungia honi ya lori pale mlangoni, chakula kikiiva anabonyeza. Nimeruka tena. Ndala ile ile.

Mama mchungaji akakagua madaftari. La kwangu alilisoma akiwa amesimama, akakaa, akaendelea. Akauliza mama Elina, dhambi zako ziko wapi. Nikamwambia wiki ilikuwa safi.

Harusi ni Krismasi. Mama Luzi amenikumbatia, amelia, amesema atarudi Desemba na ndugu zake wote. Jioni tukakaa nje, Fortunata naye kaja bila kuitwa. Goodness akatafsiri kwamba kwao asubuhi ya Krismasi, mkitoka kanisani, hakuna sikukuu bila kula bibingka. Fortunata akadakia, akasema hiyo safari hii ataleta yeye.

Ataletaje? Nikacheka kwa pua. Nikamwambia wifi, Bibi Ngka unamjua wewe? Anakaa Igamba, mtu wa makamo hivi, ana pengo la chini, tulibatizwa pamoja, hata juzi kanisalimia.  Mama mchungaji naye alikuwepo, akasema basi na iwe kama ile ya kwanza, atakayeleta ndiye atakayetangulia.

Goodness akanishika kitenge akaanza, bibi, usihangaike, bibingka siyo... Nikaondoka zangu. Sina muda. Kesho mapema naenda Igamba, na kapu sijui nimeliweka wapi. Yule kuku mweupe wa Fortunata ameanza kulala kwangu.